Unyama: Neno Tunalowasingizia Wanyama

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya uungwana, na nikaahidi kwamba safari hii tutavuka kwenda upande wa pili. Maneno ya upande huo ni mengi: ukatili, udhalimu, ushenzi, uhayawani. Nimechagua unyama kwa sababu ndilo lililo karibu zaidi na midomo ya watu. Mume akimwagia mkewe maji ya moto, jirani anasema, "Huu ni unyama." Mtoto wa kazi akilazwa njaa kwa sababu amevunja sahani, shangazi anauliza, "Unyama gani huu?" Na siku hizi kijana wa Kariakoo akiona pikipiki mpya ya mwenzake, anatikisa kichwa kwa furaha na kusema, "Aisee, unyama mwingi!" Jirani, shangazi na kijana wanatumia neno moja, na hakuna anayekosea.

Tuanzie kwenye mzizi, nao unanukia jikoni.

Mzizi wenyewe ni -nyama, tena ni wa kale mno. Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu, tangu Mjerumani Carl Meinhof mwishoni mwa karne ya 19 hadi Mwingereza Malcolm Guthrie aliyechapa juzuu zake nne kati ya 1967 na 1971, waliukuta karibu kila walikopita. Mzulu na Mnyarwanda husema inyama, Mganda ennyama, Mkikuyu na Mshona nyama, na wote hao wanazungumzia kitoweo. Hata Kihausa, ambacho si Kibantu kabisa, huita kitoweo hicho nama.

Wazee wetu hawakutenganisha kiumbe na kitoweo. Neno lilikuwa moja. Mchewa wa Malawi mpaka leo anasema nyama kwa swala anayekimbia porini na kwa swala aliyemo chunguni. Anayezungumza Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu naye husema nyama mahali ambapo mtu wa Tanga angesema mnyama. Waswahili wa pwani walikuwa hivyohivyo, na ukifungua kamusi na vitabu vya wamisionari wa karne ya 19 utakuta nyama ikibeba mizigo yote miwili. Lugha nyingine ziliona haja ya kutenganisha. Kikuyu kikaweka nyamũ kwa aliye hai na nyama kwa kilicholiwa, Kizulu kikarefusha neno kuwa inyamazane, na Kinyarwanda kikafanya inyamaswa.

Kiswahili kilichukua njia ya ajabu kidogo. Majina karibu yote ya wanyama tuliyaacha bila kiambishi cha watu. Tunasema simba, chui, mbuzi, punda, ingawa kitenzi hufuata kama kwa mtu: simba amelala, punda wamechoka. Lakini jina la jumla tulilivika m- na wa-, viambishi vya mtu, mgeni, mtoto na mkulima. Mnyama, wanyama. Mdudu naye akapata heshima hiyohiyo. Kwa sarufi tulimpandisha mnyama akaketi kwenye mkeka mmoja na binadamu. Tusi lilikuja baadaye, na lilikuja kwa mlango wa herufi moja.

Kabla ya kufika kwenye herufi hiyo, niondoe dhana moja ninayoisikia mara kwa mara. Wapo wanaosema mnyama ameitwa hivyo kwa sababu hunyamaza, hawezi kusema. Ni maelezo matamu lakini hayana msingi. Kunyamaa na kunyamaza vina mzizi wao wenyewe, ambao haukutokana na kitoweo wala na kiumbe. Kufanana kwa sauti kumewapoteza wengi katika elimu hii ya maneno, na tutakutana nako tena tutakapofika kwenye ushenzi.

Sasa ile herufi. Kiambishi u- huchukua jina la mtu au kitu na kulifanya hali: mtu akawa na utu, mgeni akawa na ugeni, mtoto akawa na utoto, ndugu wakawa na udugu. Kwa kanuni hiyo unyama ulipaswa kuwa hali ya kuwa mnyama, basi. Kula, kulala, kuzaa, kuogopa moto. Hakuna uovu ndani yake. Lakini tazama maneno ya jamii hii yanavyotumika. Utoto ni kipindi cha maisha, na bado mtu mzima akiambiwa "acha utoto" anaona haya. Ushamba ulitokana na shamba, mahali panapotulisha sote, ukawa dharau. Hali ya mwingine ikishakuwa jina, mtu huipima kwa kujiweka yeye katikati. Unyama ulipimwa kwa utu, na kwa kuwa utu ulikuwa umeshabeba huruma, aibu na heshima, unyama ulibakiziwa visivyo hivyo.

Hata hapo haukuanza na ukatili. Naamini kwa muda mrefu kosa la kwanza la mnyama machoni pa watu lilikuwa ujinga. Katika Zaburi ya 73 mwimbaji anapojilinganisha na mnyama mbele za Mungu, anaungama kwamba hakuelewa kitu. Hasemi kwamba alimtesa mtu. Katika Kurani, sura ya Al-A'raf aya ya 179, wanaofananishwa na wanyama ni wale wenye nyoyo wasiofahamu kwazo, wenye macho wasioona kwayo na wenye masikio wasiosikia kwayo. Kisha aya inaongeza kwamba watu hao wamepotea zaidi ya wanyama. Kwa maneno mengine mnyama amesamehewa. Aliyepewa akili akaiweka kando ndiye mwenye lawama. Mnyama wa kutisha, mwenye pembe kumi na vichwa saba, anatoka baharini katika sura ya 13 ya Ufunuo, na bila shaka mahubiri juu yake yameitia giza taswira ya neno hili kwa Mkristo wa Kiswahili. Huyo lakini ni mnyama wa maono. Hayupo Serengeti.

Methali zetu nazo hazikumwona mnyama kuwa katili. Simba mwenda pole ndiye mla nyama: hapo muuaji mkubwa wa nyika ni mwalimu wa subira. Wapiganapo tembo nyasi huumia: tunalalamikia wakubwa, hatuwalaumu tembo. Fadhila ya punda ni mateke, na hilo ni kukosa shukrani tu. Katika hadithi za jioni fisi ni mlafi, sungura ni mjanja, simba ni mfalme anayedanganyika. Sikumbuki hata hadithi moja ambayo mnyama anamtesa mwenzake kwa raha ya kutesa. Raha hiyo katika hadithi zetu huachiwa mama wa kambo, mfalme na zimwi.

Neno jirani la unyama ni uhayawani, na hilo lina historia inayostaajabisha zaidi. Hayawani limetoka Kiarabu, katika mzizi wa uhai. Ndugu zake katika Kiswahili ni hai, uhai na hayati. Kwa asili hayawani ni kile chenye uhai, na katika sura ya Al-Ankabut, aya ya 64, neno hilohilo limetumika kuieleza nyumba ya Akhera kwamba hiyo ndiyo maisha hasa. Neno lililotumika kuyasifu maisha ya milele, huku kwetu mama analitumia kumfokea mtoto aliyekojoa kisimani: "Hayawani wee!" Safari ya hayati nayo ilikwenda kinyume. Kwa Kiarabu ni maisha, kwetu ni heshima ya aliyekwisha kufariki, kama tusemavyo hayati Mwalimu Nyerere au hayati Shaaban Robert. Tazama pia haya, ile aibu njema inayomzuia mtu asifanye jambo la fedheha. Nayo imetoka katika herufi zilezile za mzizi. Hivyo hayawani na mwenye haya ni watoto wa nyumba moja, ingawa mitaani tunawatumia kama maadui.

Katili sina haja ya kukaa nalo sana, ila kuna jambo moja la kulitazama. Kwa Kiarabu qatil, yenye a ndefu mwanzoni, ni muuaji, aliyetenda tendo la kuua. Liliposhuka majahazini likakuta Kiswahili kina kuua, muuaji na mauaji tayari. Nafasi ya kitendo ilikuwa imejaa, kwa hiyo mgeni akapewa kazi ya kuueleza moyo. Ndiyo maana kwetu katili anaweza kuwa hajawahi kuchinja hata kuku. Anayemnyima mfungwa maji ni katili. Na muuaji aliyefyatua risasi kwa hofu usiku wa manane huenda mtaa mzima ukakataa kumwita hivyo. Kinachotajwa ni nia: kuyaona maumivu ya mwenzio, kuyaelewa, na kuendelea.

Hapo ndipo unyama kama jina la ukatili unapoanza kunisumbua. Simba akimwangusha pundamilia, hana habari na maumivu ya pundamilia. Ana njaa. Watu wa uhifadhi wana neno zuri kwa wanyama kama yeye, mbuai, lililotokana na kuua kwenyewe na lisilo na lawama ndani yake. Mbuai anaua ili ale. Akishiba, swala hupita karibu naye.

Hata hivyo anayewatetea wanyama asipitilize. Simba dume akitwaa kundi jipya huua watoto wa dume aliyemfukuza. Na huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, kulitokea jambo lililowashtua hata waliowapenda sokwe kuliko wote. Kundi moja liligawanyika, na kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwavizia wenzao wa Kahama mmoja baada ya mwingine, wakawapiga na kuwang'ata mpaka kundi la Kahama likatoweka. Waliouawa walikuwa wanawajua wauaji wao. Zamani walikuwa wakichanana manyoya pamoja. Ukisoma habari hizo unaweza kushawishika kwamba neno unyama lilikuwa na haki tangu mwanzo. Lakini angalia pia ni mnyama gani huyo. Ni yule aliye karibu na sisi kwa damu kuliko wanyama wengine.

Na kuna namna ya ukatili ambayo hata sokwe wa Gombe hawaifikii, nayo ni ule unaoandikwa kwenye daftari. Chukua neno kiboko. Kiboko ni mnyama mla majani wa mitoni, mkali akichokozwa, na ni kweli ameua watu wengi. Lakini jina lake liliingia katika hofu za watu kwa njia nyingine. Ngozi yake nene ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa, ikawa mjeledi. Katika Kongo ya Mfalme Leopold mjeledi huo uliwachapa waliopungukiwa na mpira wa msituni. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani watu walijifunza kusema hamsa ishirini, yaani viboko 25, adhabu iliyotolewa kwa hesabu, mbele ya mnyapara na askari, na kuingizwa kwenye kumbukumbu za ofisi. Kiboko aliyetoa ngozi alikufa zamani, jina lake bado linachapa. Leo hata kijiti cha mpera mkononi mwa mwalimu kinaitwa kiboko, na mtoto aliyezaliwa mjini anaweza kulijua neno hilo kwa mgongo wake kabla hajamwona mnyama mwenyewe kwenye picha. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote ninapozungumzia jambo hili. Mtu alimuua mnyama, akatumia ngozi yake kumtesa mtu, halafu kitendo kikaitwa unyama.

Baada ya uhuru neno hili lilipanda jukwaani. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, Tanzania ilihitaji msamiati wa kuueleza mfumo inaoukataa, na katika mashairi, ngonjera na mabango ya shule ikaenea kaulimbiu fupi: ubepari ni unyama. Bepari lilikuwa neno la Kihindi la kumtaja mfanyabiashara tu, mtu wa duka na mizani. Katika kaulimbiu hiyo maneno mawili yasiyo na hatia, moja la muuza duka na jingine la kiumbe wa porini, yaligonganishwa ili kuleta maana ya mtu kumla mtu. Enzi hizo Watanzania walipenda kuiita Kenya nchi ya mtu kula mtu, na inasimuliwa kwamba Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, alijibu kwamba afadhali hiyo kuliko nchi ambayo mtu hana cha kula. Wengi waliocheka wakati ule hawakujiuliza kwa nini mla mtu aitwe mnyama, ilhali wanyama wengi wanaoishi makundi hawali wa aina yao.

Kutoka jukwaani tuingie katika sheria. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Tanzania ya 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984, Ibara ya 13, kifungu kidogo cha 6, ilipiga marufuku mtu kuteswa, na ikataja adhabu za kinyama pamoja na zile zinazomtweza mtu. Asili yake ni Kifungu cha 5 cha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la Desemba 10, 1948. Kifungu hicho kinatenganisha matendo ya kikatili, matendo yasiyo ya kibinadamu na matendo ya kudhalilisha. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inafuata mgawanyo huo, tena inaweka uhuru dhidi ya mateso miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Wafasiri wetu walipofika kwenye "yasiyo ya kibinadamu" walikuwa na njia mbili, kulifuata neno lilivyo au kuchukua kinyama. Kinyama kikashinda, kwa kuwa ni kifupi na kina makali.

Lakini sheria hiyohiyo ilijikuta mahali pagumu ilipotaka kuwalinda wanyama wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ya tangu wakati wa mkoloni. Punda anayebebeshwa magunia mpaka mgongo ukatoka vidonda, mbwa anayepigwa mawe, ng'ombe anayesafirishwa siku tatu bila maji: ni nini hicho wanachotendewa? Jaribu kusema "unyama dhidi ya wanyama" uone ulimi wako unavyokwama. Hapo sheria hukimbilia ukatili, na haina pengine pa kukimbilia. Binafsi naliona hilo kuwa hukumu tosha. Neno lisiloweza kutumika pale mnyama anapokuwa ndiye anayeteswa lina kasoro ndani yake.

Vijana nao wamelichukua neno wakaenda nalo kwingine kabisa. Wazee wanashtuka kusikia "unyama" likiwa sifa ya goli, ya mdundo wa muziki au ya viatu. Sioni cha kushtusha. Kiswahili cha mitaani kina desturi ya muda mrefu ya kugeuza maneno ya hofu kuwa ya sifa. Mkali alikuwa mwenye hasira, akawa bingwa wa jambo lake. Hatari, balaa na noma zimepita njia hiyo. Hata kiboko, pamoja na machungu yake yote, amegeuka: "huyu ndiye kiboko yao" ni sifa ya mshindi. Unyama umefuata nyayo hizo, na pengine umesaidiwa na mpira, maana klabu iliyoacha jina la Sunderland na kuitwa Simba mwaka 1971 mashabiki wake huiita Mnyama kwa mapenzi makubwa. Anayesema "unyama mwingi" anataja nguvu, wepesi na kutojali. Kwa bahati, na bila kukusudia, vijana wamewarudishia wanyama sehemu ya heshima yao.

Kwa upande mwingine wa eneo letu, neno la jamii hii lilifanya kazi ya kutisha. Kinyarwanda kina ubunyamaswa, lililoundwa kwa njia ileile ya unyama wetu, yaani kiambishi cha hali juu ya jina la mnyama, nalo lina maana hiyohiyo ya ukatili. Lakini mwaka 1994 waliotangaza mauaji ya kimbari ya Rwanda hawakuhitaji neno hilo. Walihitaji majina ya viumbe. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, mende, neno lililokuwa limetumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wakimbizi, sasa likapanuliwa mpaka kumfikia mtoto mchanga. Mtu ukishamwita mdudu, kumkanyaga hakuhesabiwi kuwa kuua. Desemba 3, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta sehemu ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikumwachia huru hata mmoja kati ya watatu hao. Angalia mpangilio wa maneno. Aliyeteswa aliitwa mdudu kabla ya kitendo. Baada ya kitendo dunia ikamwita mtesaji mnyama. Pande zote mbili binadamu wametoweka, wamebaki viumbe wa porini na wa jikoni.

Ndiyo maana nina ugomvi na sisi tunaoandika magazetini. "Binti wa darasa la sita afanyiwa unyama." Msomaji anaelewa kwamba jambo baya limetokea, lakini lipi? Amepigwa? Amechomwa? Amebakwa? Mara nyingi ni la mwisho, na mwandishi amelifunika kwa tafsida. Naielewa nia yake: anamwonea haya msomaji, pengine anailinda heshima ya mtoto. Kumlinda mtoto ni kulificha jina lake, shule yake na mtaa wake. Kulificha jina la kosa hakumlindi mtoto, kunamlinda aliyelitenda. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 na Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 hazikuandika unyama. Ziliandika makosa kwa majina yake, kubaka, kulawiti, shambulio la aibu, kwa sababu hakimu hawezi kumfunga mtu kwa unyama.

Lipo na jingine. Mshtakiwa akiitwa mnyama, watu wa nyumbani kwake hupata pa kujificha. "Alikuwa kama mnyama siku ile," wanasema, kana kwamba kuna kitu kilimwingia kikatoka. Kesho yake ameoga, amevaa shati safi, ni baba wa fulani tena. Katili hana mlango huo. Neno hilo linamwacha aliyetenda akiwa mtu, mwenye akili timamu, aliyejua anachofanya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Katika mazungumzo mtu aseme unyama apendavyo, vijana nao waendelee kuusifia. Lakini katika taarifa ya habari, katika maelezo ya polisi na katika hotuba ya kiongozi, kosa litajwe kwa jina lake, na penye haja ya neno la jumla tuandike ukatili.

Wiki ijayo tutalifungua ushenzi, neno ambalo wengi wanalihusisha na Zanj wa waandishi wa Kiarabu wa zamani, na lililotumiwa na Mswahili kwa mtu wa bara kabla Mzungu hajalichukua na kumtupia Mswahili mwenyewe. Wakati huo huo nina ombi. Wenye lugha zenu za nyumbani, hasa wa Kigoma, Bukoba, Taita na Kivu, niandikieni kupitia kwa mhariri: kwenu mtu anayewatesa wenzake anaitwaje, na je, jina hilo limekopwa kwa mnyama au kwa mtu?